Kibuyu Kilichotoka Izigo

Nyumba ile waliijenga Kibeta, juu kabisa, mahali ziwa lote linapoonekana. Nadhani walioichagua sehemu hiyo walikuwa na nia ya kututesa hadi machoni. Mimi nilikamatwa gatini nikitaka kupanda meli, na kila meli ilipoingia Bukoba honi yake ilipanda kilima, ikapita madirishani na kuja kunipigia sikioni: wenzako wanaondoka.

Kosa langu lilikuwa kukutwa pale bila barua ya baba. Miaka ile ya Mwingereza, msichana wa Kihaya akionekana karibu na meli, wazee wa kwetu walikuwa wameshajua anakokwenda na aibu atakayorudi nayo. Mimi nilikuwa nakwenda kwa shangazi yangu Kisumu. Nilimweleza askari. Lakini askari yule alikuwa na masikio madogo kuliko yote niliyopata kuona kwa binadamu, maelezo marefu kama yangu yasingepita.

Serikali iliiita nyumba ya kurekebishia wasichana. Watu wa mjini waliiita jina jingine, ambalo hata leo, na shule yangu yote ya jioni, sijui niliandikeje bila kuona haya. Tulikuwa wasichana wa kila namna: waliotoroka waume waliopewa wakiwa bado wadogo, waliokutwa wakizurura, na walioshikwa na pombe ya moshi, ile inayokenekwa kutokana na rubisi yetu ya ndizi. Rubisi yenyewe serikali iliiacha inywewe, maana bila hiyo Uhaya mzima ungegoma kuamka. Moshi ilikuwa marufuku.

Mlezi wetu alikuwa mama mjane, mpana, ambaye akipita mlangoni ni mlango uliopaswa kupiga hodi. Tulimwita Mama Mlezi. Alikuwa na chupa ya buluu, ya dawa, na kijiko cha bati. Kila jioni baada ya sala tulipanga foleni, na aliyekuwa na majonzi alipewa kijiko. Mimi zamu yangu ya kwanza nilidhani ni dawa ya minyoo. Ilishuka kama kaa la moto lililopakwa asali, nikaona nyota zote za mbinguni na nyingine zilizokuwa hazijaumbwa.

"Mama, hii ni moshi!" nilisema.

"Hii ni usingizi," alinijibu. "Serikali imenipa wasichana, mwanangu, haijanipa usingizi. Pita."

Ilikuwa moshi. Karani aliyekuwa mkalimani wa Bwana Shauri, yaani Mwingereza mkuu wa wilaya, aliipandisha kilimani kila ilipokwisha, ndani ya mkoba wa serikali, na kurudi na chupa tupu. Kati yake na Mama Mlezi kulikuwa na mazungumzo marefu jikoni ambayo hatukualikwa. Kwa hiyo mwenzetu aliyefungwa kwa kubeba moshi alilazwa kwa moshi. Anayelia kidogo, kijiko kimoja. Anayelia sana, viwili. Hesabu hiyo haihitaji shule ya usiku wala ya mchana. Kabla mvua za kwanza hazijaisha nyumba nzima ilikuwa inalia kwa sauti nne, kama kwaya ya Krismasi.

Msichana wa Izigo peke yake hakulia kwa ajili ya kijiko.

Aliletwa baada yangu. Mjomba wake alimtuma kupeleka moshi Muleba, amejifunga chupa kiunoni chini ya kanga, na zikagongana mbele ya askari. Mjomba akasema hamjui. Baba yake, mkulima wa migomba na kahawa, hakuwa na habari hadi alipoambiwa na watu kanisani, na akasema binti yake akae hukohuko kwanza. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na akicheka lazima ashike kitu, maana miguu ilimwacha. Tulilala kitanda kimoja, kichwa changu kwenye miguu yake. Miguu yenyewe ilikuwa mirefu kiasi kwamba niliamka na kidole chake gumba ndani ya sikio langu.

Siku moja tulikuwa tunamenya viazi. Mama Mlezi akasimama mlangoni, akamtazama.

"Wewe wa Izigo. Mama yako amefariki. Wamemzika juzi."

Msichana akabaki ameshika kiazi.

"Maliza hivyo viazi," Mama Mlezi akasema, "halafu uje nikupe kijiko."

Akamaliza viazi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Jioni akapewa vijiko vitatu, kesho yake vitatu, halafu kikombe, maana kijiko kilikuwa kinamchosha Mama Mlezi mkono. Hakutoa sauti tena. Mama Mlezi akamsifu mbele yetu sote: mwoneni mwenzenu, amefiwa na wala hapigi kelele.

Baadaye ikaanza mikono. Asubuhi, kabla ya jioni kufika, mikono yake ilitetemeka hata akishika jembe jembe lilipiga ngoma. Halafu wakaja kuku. Aliwasikia darini wakitembea, wakikwaruza. Nyumba yetu haikuwa na dari. Ilikuwa na mabati na misumari tu.

Kulikuwa na msichana mmoja wa Bakoba, mtaa wa palepale Bukoba, mtoto wa mjini, mwenye ulimi ambao ungeweza kunyolea ndevu. Huyo ndiye aliyeanza.

"Dada, kuku wametaga leo?"

"Bado," msichana wa Izigo alijibu, macho juu. "Wanaatamia."

Tulicheka mpaka machozi. Kila asubuhi tulimuuliza, na kila asubuhi alitujibu kwa adabu zote, kama mtu aliyeulizwa habari za shambani. Mara nyingine alitunyamazisha kwa kidole ili vifaranga wasishtuke. Tulikuwa watoto tuliofungiwa, na mchezo mwingine hatukuwa nao.

Sasa, kutoka nyumba ile kulikuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza, baba yako anakuja, Bwana Shauri anamwuliza mbele ya wote kama anakupokea, akisema ndiyo unakwenda. Mlango wa pili ni wa wale ambao vichwa vyao vimeharibika. Hao walipelekwa Dodoma, kwa wendawazimu. Tangu niingie walikuwa wamepelekwa wenzetu kadhaa, na sijamwona hata mmoja aliyerudi kutueleza chakula cha huko kina chumvi au hakina.

Karani akaleta habari: baba wa Izigo amelainika. Tangu mke wake afe nyumba ni baridi, anamtaka binti yake. Atakuja siku ileile Bwana Shauri atakapokuja kukagua.

Mama Mlezi alimwangalia msichana, akaangalia mikono yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona mwanamke yule mpana amepungua.

"Ukitetemeka mbele ya Bwana Shauri," alimwambia, "baba yako atarudi peke yake, na wewe utapanda meli ya Mwanza na kutoka huko treni ya Dodoma. Umenielewa? Kuanzia leo, hakuna kikombe."

Hakumhurumia, aliogopa tu. Msichana akiulizwa amejifunzia wapi kutetemeka, chupa ya buluu ingeweza kutajwa.

Sijaona vita kama ile, na nimeishi kuona mengi, pamoja na ndugu zangu wakigawana shamba. Alitapika hadi tukadhani atatapika jina lake. Alitoka jasho lililoloanisha godoro la majani hadi chini, nikalala kama chura. Alipiga kelele kwamba kuku wameshuka, wanamdonoa miguu. Mama Mlezi alimmwagia ndoo ya maji ya baridi, akamfunga kitandani kwa kanga yake mwenyewe, na alipoendelea akamchapa kwa fimbo ya mti wa kahawa, akisema anampigia kuku.

Kilichonishangaza ni msichana wa Bakoba. Yeye aliyeanza mzaha ndiye aliyekaa juu ya miguu ile mirefu ili isijigonge ukutani.

"Watoke," alimwambia. "Kuku wako wananinyima raha. Watoke wote na jogoo wao."

"Hakuna jogoo," msichana wa Izigo akalia.

"Basi wanataga vipi, mjinga wewe?"

Tulimlisha kahawa ya kutafuna, ile buni ya kwetu iliyochemshwa na majani na kukaushwa, anayopewa mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Kila alipotaka kikombe tulimtia buni mdomoni. Alitafuna kama mbuzi, mchana kutwa. Meno yakawa meusi, midomo ikachanika, lakini mdomo ulikuwa na kazi. Tuliiba buni ghalani, na aliyekamatwa akiiba alichapwa badala ya wote. Mimi nilichapwa mara zisizohesabika. Labda mbili.

Halafu asubuhi moja aliamka, akakaa, akaomba ndizi. Akala sahani nzima na kulamba mchuzi wa maharage. Tukamtazama mikono. Imetulia. Msichana wa Bakoba akasogea taratibu.

"Dada. Na kuku?"

Akainua macho kwenye mabati, akasikiliza kidogo.

"Nimewauza," akasema. "Bei mbaya."

Akacheka hadi akanishika bega asianguke. Tulipiga kelele za furaha ambazo, kwa hesabu zangu, zilisikika Uganda.

Siku yenyewe tulifagia ua hadi udongo ukabadilika rangi. Tulipanga mistari, tumevaa magauni ya kaki. Bwana Shauri aliketi kwenye kiti barazani, kofia magotini, karani amesimama kando yake. Msichana wa Izigo alikuwa mbele, mikono imelala juu ya gauni kama vitu vilivyosahauliwa. Nilikuwa nyuma yake. Harufu yake ilikuwa sabuni na kahawa.

Baba akaja. Alikuwa ametembea kutoka Izigo, kanzu imefungwa kiunoni isichafuke, akaishusha pale getini. Mzee mfupi, mpole, macho yamevimba kidogo kwa vumbi au kwa mengine. Na kifuani amekumbatia, kama anayebeba mtoto, kibuyu kikubwa kilichozibwa kwa jani bichi la mgomba.

Nilijua kile kibuyu kimekuja kufanya nini.

Kwetu, anayekupa pombe huonja kwanza, ujue hajakutegea sumu. Na upande ule wa Izigo, mtoto aliyetoka nyumbani kwa aibu akiwa anarudishwa, mzazi humfuata na rubisi. Mzazi anaonja. Mtoto anapiga magoti, anapokea kwa mikono miwili, anaonja, anamrudishia. Basi, neno limekwisha, hakuna mtu wa ukoo atakayelifufua. Mtoto asipoonja amekataa kurudi, maana yake bado ana sumu moyoni. Hakuna mzazi wa huko ambaye angekuja mikono mitupu siku kama ile. Na ili binti ajue hasira imekwisha kabisa, mzee yule alikuwa amechagua ndizi zilizoiva vizuri kuliko zote, amezikanyaga kwa miguu yake, akatia mtama wa kukaanga, akaiacha ichachuke zaidi ya kawaida, ikakomaa. Rubisi nyepesi ingekuwa dharau. Aliyasema yote hayo kwa karani, kwa fahari, na karani akayatafsiri.

"Mila nzuri," Bwana Shauri akasema kwa Kiswahili chake, akitikisa kichwa. "Nzuri sana."

Mama Mlezi alikuwa amekauka kama mti.

Mzee akafungua kibuyu. Ile harufu ikatoka. Nimesema nilikuwa nyuma ya msichana: niliona shingo yake ikisimama nywele. Mzee akaonja, akafuta mdomo, akamnyooshea.

"Mwanangu. Mama yako hayupo. Twende nyumbani."

Msichana akapiga magoti. Mikono hakuiinua.

"Tata," akasema, maana ndivyo tunavyomwita baba, "naomba nionje kwa kidole."

"Kwa kidole?" Mzee akacheka kwa upole. "Kwa kidole huonja mgonjwa. Wewe unaumwa?"

Karani akatafsiri na hilo. Bwana Shauri akainua macho. Msichana akamtazama baba, akamtazama Bwana Shauri, na nadhani aliiona milango yote miwili iko wazi kwa wakati mmoja.

"Siumwi, tata."

"Basi pokea, mwanangu. Mikono miwili."

"Ulimi tu," msichana wa Bakoba alinong'ona kando yangu, meno yamebana. "Gusa ulimi tu, dada, gusa ulimi."

Akapokea. Akagusa. Kwa pumzi moja alifanya kama tulivyoomba: akaondoa kibuyu mdomoni, akakishusha, na baba akanyoosha mikono. Mzee alikishika kibuyu. Lakini msichana hakukiachia.

"Nirudishie sasa, mwanangu."

Akakirudisha mdomoni.

Koo lake nililiona kwa nyuma likipanda na kushuka, likipanda na kushuka. Mzee alivuta, kwa aibu kwanza, kidogokidogo, akitabasamu kwa Bwana Shauri. Halafu akavuta kwa nguvu. Baba na binti walivutana kibuyu mbele ya serikali, yeye akiwa magotini, rubisi ikimwagika kifuani kwake na kwenye kanzu ya mzee, na kila ilipomwagika alitoa sauti ndogo kama mtu anayeibiwa. Mtu nyuma yetu akacheka. Kicheko kikapita kwenye mistari, hata waliokuwa wanalia walicheka. Kibuyu kikaponyoka, kikavunjika. Msichana akainama, akaweka mdomo kwenye udongo ule tuliokuwa tumeufagia.

Ulimi wake tulikuwa tunausikia.

"Nani amemfundisha kunywa hivi?" mzee akauliza. Aliuliza kwa Kihaya, polepole, kila mmoja kwa zamu, akatupitia sote kwa macho. "Nyumbani kwangu alikuwa anaonja. Nani amemfundisha?"

"Alikuja hivyo, waitu," Mama Mlezi akasema, akimwita kwa heshima zote. "Tumejitahidi naye."

"Mwongo!" Msichana wa Bakoba alitoka kwenye mstari kama jiwe lililotoka kwenye manati. "Ulizeni chupa ya buluu! Iko jikoni! Kila jioni anatunywesha moshi, sote, na yeye kwa kikombe! Mwulizeni huyo karani nani anayeileta!"

Alisema kwa Kihaya, kwa hasira hakukumbuka lugha nyingine. Bwana Shauri akamgeukia karani.

"Anasema nini?"

Karani alikunja mikono nyuma. Hata jasho hakutoka. "Anaomba mwenzake apewe maji, Bwana," akasema.

"Apewe maji," Bwana Shauri akaamuru.

Mimi Kiswahili nilikuwa nacho cha sokoni, Kiingereza sina hata cha kuombea chumvi. Niliyakusanya maneno yangu yote, nikasema, "Bwana, chupa." Mama Mlezi alikuwa ameshafika. Mkono wake ulinifunika uso wote, na ulikuwa mkono mkubwa, kidole kimoja kilinifika kisogoni.

Mzee alikuwa amesikia Kihaya chetu. "Chupa gani?" akauliza.

"Mzee," karani akamwambia kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayekusaidia, "usisikilize watoto wa mjini. Bwana anangoja. Unampokea binti, au humpokei?"

Alikuwa mkulima, amesimama mbele ya kiti cha serikali, kanzu imelowa, ananuka pombe aliyoipika mwenyewe. Akawaangalia wote wawili, karani na Bwana Shauri. Kisha akamwangalia yule aliyekuwa chini.

"Huyu si wangu," akasema. "Wangu anaonja."

Akaokota kipande kikubwa cha kibuyu, sijui cha nini, akatoka nacho getini.

Msichana wa Bakoba alichapwa viboko, jioni nikamsikia akikataa kijiko. Yeye peke yake alikataa. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo.

Meli ya Mwanza ilipoingia, Mama Mlezi aliniita. "Wewe unaipenda sana meli," akasema. "Mbebee mwenzako mzigo." Na ili askari asipate taabu njiani, alimpa msichana wa Izigo chupa ya buluu yenyewe, imejaa, bila kijiko. Tulishuka Kibeta mchana kweupe, askari mbele, yeye katikati akinywa na kuimba, mimi nyuma na kifurushi: gauni moja, na buni kidogo iliyobaki, ambayo msichana wa Bakoba aliifunga ndani ya jani.

Gatini hakuna aliyeniuliza barua ya baba. Askari alikuwa yuleyule mwenye masikio madogo.

"Meli inapita Izigo?" msichana aliniuliza. Macho yake yaling'aa, mikono imetulia kabisa.

"Inapita pembeni," nikasema. Ndivyo ilivyo: ikitoka Bukoba kwenda Mwanza inashuka na pwani ya kwetu, na mtu akisimama upande wa kulia anaiona milima ile.

"Basi nitashuka," akasema. "Tata ataniona. Nimeonja, si umeona? Nilipokea kwa mikono miwili."

"Nimeona."

Askari akamshika kiwiko. Katikati ya ngazi alisimama, akainua kichwa kuitazama meli juu, kule kwenye mabati ya paa lake, akaweka kidole mdomoni kunyamazisha wapagazi.

"Wamerudi," akaniambia kutoka juu, anacheka, na hakuwa na bega la kushika.